Nani Alifunga Waya Hii?

Ndugu zangu wa shirika hii ya kusali, amani ya Bwana iwe nanyi. Mukae, mukae. Na mikono, mungoje kwanza, musipige. Président wenu amenitangaza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikageuka nyuma kuangalia ni nani anasifiwa hivi. Amesema: huyu ni mutoto ya wavuvi wa maporomoko, na leo anatengeneza ndege. Bon, ni kweli. Papa yangu ni muvuvi, brevet, cheti ya shule, niko nayo, na Mungu ninamushukuru. Lakini mimi si mutu wa shirika hii, munaniona leo mara ya kwanza, na sikupanda toleka, baiskeli ya kukodi, katika matope hii yote ili nisifiwe.

Nimekuja sababu kuna musichana moja alipoteza shule, na mimi ndiye nilimupotezesha. Shule ile imekubali kumurudisha. Wiki hii ikipita, mulango inafungwa. Na mwenye kusema ndiyo ao hapana iko ndani ya nyumba hii, anakaa kati yenu. Sitataja jina ya mutu. Anayejijua anajijua. Hapana, musigeuze vichwa! Muniangalie mimi. Munaona sasa, nilijua mutageuza vichwa.

Kwa wale hawajui shule yetu ya mafundi wa ndege, si shule ya kutisha. Asubuhi tunasoma darasani: hesabu, fizikia, Kifaransa, na Kiingereza kidogo sababu vitabu vya ndege vinaandikwa Kiingereza. Muchana tunaenda hangari. Kuna ndege moja ya zamani pale, hairuki tena, tunaifungua, tunaifunga, tunaifungua tena, maskini. Wanaofanya vizuri wanapelekwa stage, kujifunza kazi kwa uwanja wa ndege, kushika ndege ya kweli, ile inapakia watu.

Darasani mimi nilikuwa wa kuchekesha wenzangu. Mwalimu akiandika fraction kwa ubao, mimi naona njia ya siafu. Musichana ninayesema ndiye alinitoa pale. Ni mutoto ya Butembo, alikuja Kisangani kukaa kwa tonton yake, mujomba yake, mwenye depo ya chumvi na sukari na sabuni, kule watu wa Isangi wanajazia pirogue, mitumbwi yao. Saa ya kupumzika wenzetu wanakula ndizi za makemba, yeye ananifundisha hesabu na fizikia. Nikikosa, rula kwa vidole! «Weye! Kichwa yako imeshika kutu ao nini?» Ndugu zangu, nilipita examen ya fizikia sababu ya rula ile. Muweke neno hii kwa roho, mutaihitaji mbele.

Lakini kwa mikono, ah! Kwa mikono nilikuwa mufalme. Ninyi wa soko munakuja kwetu kwa maporomoko kupiga picha, munaona ile miti mikubwa inasimama katikati ya maji yenye hasira, na vikapu vinaning'inia. Munafikiri inasimama na nini? Na musumari? Inasimama na kamba ya pori, kekele, na mikono ya papa zetu. Nilianza kufunga kekele mbele ya kujua kusoma. Na papa yangu alinifundisha neno moja: kaza, lakini uachie kamba nafasi kidogo ya kupumua. Maji inasukuma, muti unacheza, kamba isiyopumua inakatika. Mukono yangu ilishika neno ile kabisa.

Sasa musikie kwa ndege. Motere ya ndege inatetemeka. Boulon, bolti ile ya chuma, ikitetemeka sana inajifungua yenyewe, pole pole, huko juu, na chini ni pori tu. Ndiyo maana kwa kichwa ya boulon tunapitisha waya nyembamba, tunaizungusha, tunaivuta upande ule boulon inakazika. Boulon ikitaka kufunguka, waya inaikatalia. Waya ile haipumui. Haina nafasi hata kidogo. Darasani niliandika vile vile, nikapata alama nzuri. Kichwa ilijua. Mukono ndiyo haikusoma.

Kule stage tulikuwa watatu, na musichana huyu ndiye chef d'équipe, kiongozi wa kikundi yetu. Siku moja tulipewa kazi ya kufunga filtre, chujio ya mafuta ya motere, kwa ndege ndogo ya kwenda Buta. Mimi nikafunga waya. Nilifunga mbio, nikipiga muluzi, kama ninafunga mutego wa papa yangu. Na nikaiachia nafasi ya kupumua. Chef yetu akapita, akaangalia, akanijua mimi na mikono yangu yenye kusifiwa, akasaini kwa jina ya équipe.

Watu walikuwa tayari na vifurushi vyao. Mama moja na kuku zake mbili ndani ya kikapu, ninamuona mpaka leo. Chef d'atelier yetu, mukubwa wa hangari, muzee moja mukali asiyecheka, iko na desturi ya kupitisha kidole yake kila mahali mbele ndege haijatoka. Akapitisha kidole. Waya ikacheza.

Akafunga mulango ya motere, akarudisha watu ndani ya nyumba ya kungojea, akatuita sisi watatu. Hakulalamika. Aliuliza tu: «Nani alifunga waya hii?»

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikunyamaza kwanza sababu ya woga. Woga ilikuja nyuma. Kwetu kwa maporomoko, muti ukianguka, kikapu ikienda na maji, hakuna mutu anauliza nani alifunga. Hata mara moja. Tunasema: maji imefungua. Basi. Papa anapiga kelele, sisi wote tunashuka, tunafunga upya. Ukitaja jina ya mutu juu ya maji, mutu ule anaanza kuogopa, na mwenye kuogopa ndiye anateleza. Nilikua na desturi ile. Donc muzee alipouliza nani alifunga, sikio yangu ilisikia tusi. Nikaangalia chini. Nikangoja mutu aseme: bon, twende, tufunge upya.

Hakuna aliyesema vile. Muzee akauliza tena. Mwenzetu wa tatu akaniangalia, kisha akaangalia viatu yake. Ndipo chef yetu akasema: «Mimi ndiye chef. Nilisaini. Ninajibu mimi.»

Na mimi, mutoto ya papa yangu, nilinyamaza.

Hapana, musiseme amina hapo! Amina ya nini? Mutu anaungua, ninyi munasema amina.

Wakamutoa kwa stage. Kisha shule ikamusimamisha. Alikunja kombinezo yake, nguo ya kazi, akaiweka juu ya meza, akatoka. Na munajua walifanya nini sasa? Walinifanya mimi chef d'équipe. Mimi! Caisse, sanduku yake ya vyombo, nikapewa mimi. Ndani bado kulikuwa rula yake.

Kwetu walifurahi vibaya. Mama yangu anachoma samaki kwa moshi, anauza kwa barabara, na kila mutu anayenunua anaambiwa: mutoto yangu ni chef kwa ndege. Jirani wananiletea pondu, majani ya muhogo. Watoto wananifuata. Kila sifa ilikuwa inanichoma hapa, hapa kwa kifua, na nilikuwa ninacheka nikisema asante. Usiku nikijilaza naona kuku wa mama yule. Nikaanza kunywa lotoko, pombe ile kali. Kidogo, kwanza. Lotoko ninyi munaijua, muache kujifanya watakatifu. Inakuambia: maji imefungua, maji imefungua, weye hauna kosa. Kisha asubuhi inaondoka inakuacha pale pale.

Hesabu ikarudi kuwa siafu, na hakukuwa tena mutu wa kunipiga rula. Kwa hangari nilikuwa nafunga waya moja, nafungua, nafunga tena, naogopa kuiacha. Nilikuwa ule mutu papa yangu alisema, mwenye kuogopa. Mwisho nilifika kazini ninanuka. Muzee mukali alinusa hewa mara moja, akanyoosha kidole kwa mulango: «Rudi nyumbani. Utakuja siku utakuwa mutu.»

Nikarudi kwa maporomoko kujificha. Papa hakuuliza kitu, alinipa kazi. Kazi ya papa yangu ndiyo neno yake, hana ingine. Nilikuwa nabeba miti, nalala, nabeba miti.

Alors, siku moja maji ilikuwa imepanda sana. Tulikuwa kwa mawe, watu mingi wa ukoo, tunaangalia. Muti mukubwa ukacheza, ukainama, pwaa! ukaenda, pamoja na vikapu viwili. Papa akapiga kelele: «Maji imefungua! Tushuke!» Kila mutu akaanza kufunga nguo kiunoni. Na mimi nikaona kitu ambacho nilikiona tangu utoto na sikukiangalia hata siku moja. Mbele yetu wote, mbele papa hajamaliza kusema, kaka yangu mukubwa alikuwa ameshaingia ndani ya maji. Peke yake, kamba kwa meno, maji kwa shingo, anapambana.

Nikauliza mama, aliyekuwa anasimama karibu na samaki yake: «Mama, kaka ana haraka ya nini?»

Mama akaniangalia kama mutu anayeangalia mujinga. Akasema: «Si ni yeye alifunga muti ule? Wiki iliyopita, alikuwa mbio ya kwenda kwa ndoa. Kila mutu anajua.»

«Lakini hakuna aliyesema.»

«Nani aseme? Mwenye kufunga anaingia wa kwanza. Ulizani tunanyamaza bure?»

Ndugu zangu! Nilikaa juu ya jiwe pale. Miaka yote nilikuwa nabeba desturi ya wazee wangu kwa kifua, najivunia, na nilikuwa nabeba nusu. Kwetu hatutaji jina sababu mwenye jina ameshaingia majini. Na mimi kwa hangari nilisimama pembeni, mukavu kabisa, nikaacha mutoto ya watu aingie peke yake mahali pangu. Nililia. Mama yangu alifikiri ni lotoko inatoka. Akanipa maji na samaki, akarudi kwa kazi yake.

Nilienda hangari kuona muzee mwenye kidole. Nilisimama mbele yake, nikamuambia: ni mimi nilifunga, na nilinyamaza. Aliniangalia sana. Akasema: «Waya ile, mutu yeyote anaweza kuikosa, ndiyo maana Mungu alinipa kidole. Lakini mutu asiyesema jina yake, mimi sina kidole ya kumupima.» Akaniondoa kwa stage. Shule ikanirudisha mwaka muzima nyuma; mwaka ile nimeimaliza sasa, ndiyo brevet niko nayo. Nilikuwa nimestahili zaidi. Na chef yangu, shule ikamuandikia kwamba nafasi yake itamungoja mpaka mwanzo wa mwaka mupya wa shule, na alama zake zote za hesabu na fizikia zinabaki.

Mutasema: Haleluya, habari imeisha. Haikuisha.

Nilienda kwa depo. Nilimukuta anapima chumvi, unga wa sabuni kwa nywele. Nikamuambia yote, pale kati ya mifuko. Nilifikiri atalia, ao atanipiga. Aliendelea kupima mpaka mununuzi akaondoka. Kisha akasema: «Nilijua. Mimi si kipofu, niliona mukono yako. Nilisaini bila kuvuta waya sababu nilikuamini, na kosa ile ni yangu, ninaibeba. Lakini nilikungoja, weye. Siku ile nilikungoja pale kwa hangari. Kesho yake nikakungoja hapa kwa mulango ya depo. Kila toleka ikipita ninafikiri ni weye.»

 

Nikamuambia shule inamurudisha. Akacheka vibaya. «Umuambie tonton.»

Bon. Tonton. Sasa ninafika kwako, tonton, na ninakuomba unisikie mpaka mwisho.

Ninyi ndugu, mutu huyu musimuhukumu. Wakati watu wote walisema musichana na ndege, wapi na wapi, ni yeye alimupeleka shule. Alitembea kwa soko anasema: mutoto yangu atatengeneza ndege, mutapanda mukimushukuru. Kisha habari ikafika kwa soko kwamba mutoto ile karibu aangushe ndege ya Buta. Soko munaijua ninyi. Kila asubuhi: «Patron, ndege iko wapi? Patron, leo imeanguka ngapi?» Mutu alimeza haya ile, kwa kosa ambayo haikuwa ya nyumba yake. Ndipo akasema: shule basi, mutoto akae kwa depo. Na mimi ningesema vile.

Nilimuendea nikamueleza. Akanitazama kutoka kichwa mpaka viatu, akauliza: «Weye ni kijana wake?» Nikasema hapana. «Basi sababu gani unabeba kosa yake?» Nikarudi mara ingine, akaniambia nikirudi tena ataniachilia mbwa. Tonton, ninakuelewa. Kijana anakuja peke yake kutetea musichana muzuri, mimi pia ningetafuta mbwa. Lakini mimi niko na bibi. Mama ya watoto, simama, watu wakuone. Simama vizuri! Munaona? Ananiangalia kwa macho ya nitakuonyesha nyumbani. Asante, ukae. Na kwa benchi ya nyuma anakaa muzee moja mukali asiyecheka, mwenye kidole. Hakuitwa na mutu, nilimuambia tu ninakuja kusema, akapanda pikipiki yake. Atajibu ukimuuliza.

Tonton, unisamehe na hii pia, kwamba nimekuja kusema mbele ya watu wako wa kusali. Najua si heshima. Lakini haya yako ilikuwa mbele ya watu, siwezi kuiondoa kwa siri nyuma ya depo. Mutoto yako hakufunga waya ile. Ni mimi. Aliulizwa na wakubwa, akasimama mahali pa mutu ingine, na hata leo jina yangu hakuitoa kwa kinywa yake, si kwako, si kwa soko. Ile ndiyo mutoto ulilea. Soko ikuchekee nini?

Ndugu zangu, nimalize, ninaona mama wanaangalia mvua. Ninashukuru mama yangu, ambaye hajui hata leo kama alinifundisha kitu, alikuwa anageuza samaki. Ninashukuru papa, na kaka aliyeingia majini. Ninashukuru muzee aliyenifukuza, sababu angenivumilia ningekuwa leo nafunga ndege na lotoko kwa damu. Bibi yangu, uliyemwaga chupa na ukakaa karibu nami nikitetemeka, weye nitakushukuru nyumbani, kama utanifungulia. Na chef yangu. Sijui kama amenisamehe, sikumuuliza, si haki yangu kumuuliza. Hesabu yote ninajua, nilifundishwa naye. Brevet hii jina yangu iko juu yake, na mimi ninaona aibu kila mara ninaiangalia.

Kama mutaniuliza nimejifunza nini, nitawaambia ninyi wa biashara, wa pirogue, wa jikoni, wote: kazi yako ikiharibika, uingie majini wa kwanza. Musingoje kuitwa. Weye ukichelewa, mutu ingine anaingia, na ni mara zote yule mwenye roho nzuri kuliko yako. Mimi niko na kosa ile kwa mugongo, nitatembea nayo, hainiui tena lakini haishuki. Yeye ndiye hakupaswa kubeba kitu.

Shule inapokea watu mpaka mwisho wa wiki. Tonton, sikuombi jibu hapa. Ukikataa, nitarudi kwa depo kesho, ufungue mbwa ukitaka. Nime—

Ndiyo, tonton? Ndugu, munyamaze kidogo, tonton anasimama, anauliza kitu. Sema tena, sikusikia vizuri na mvua.

Inafunga Jumamosi, tonton. Saa sita ya muchana. Kombinezo yake iko kule, inamungoja.